Alama Nyekundu

Novemba, kaskazini ya Wales, mvua inakuja ubavuni.
Baba amemfunga dume mpya mkanda wa ngozi
wenye donge la rangi nyekundu kifuani:
kondoo jike akipandwa, hubaki na alama mgongoni,
nasi hujua nani atazaa Aprili.

Siku ya kumi na saba, majike sitini
ni weupe kama siku walipoletwa.
Mwekundu ni mmoja tu malishoni,
dume mzee mwenye pembe iliyovunjika,
mgongo wote kama mlango uliopakwa jana.

Baba alitukana kwa Kiwelisi,
lugha yake ya matusi na ya sala.
"Pauni mia nane! Nimemnunulia bwana harusi
bwana harusi mwenzake."
Mjomba Ithel alicheka mpaka akashika lango.

Mezani nikafungua daftari la chuo, supu ikipoa.
Si huyu peke yake, nikasema.
Katika madume mia, wanane hivi
hawamtaki ila dume.
Wapo albatrosi jike wanaolea kifaranga wawili,
jike kwa jike, mwaka hata mwaka,
na watafiti waliwaita mume na mke
mpaka damu ilipopimwa.

"Sasa mbona hawajaisha?" Baba akauliza.
"Asiyezaa anamwachia nani?"

Swali hilo liko ukurasa wangu wa kwanza,
nimelipigia mstari mara mbili.

Wapo wasemao kinachompeleka kaka upande ule
kwa dada huwa ni rutuba.
Mama alituzaa saba. Aliendelea kukata mkate.
Wapo wasemao tumbo la mama lina kumbukumbu,
kila mvulana huacha humo kitu kidogo
na anayekuja nyuma hukikuta.
Ithel ni wa tano, wote wavulana kabla yake.
Kisha nikafika kwenye mjomba:
asiye na wake hulea wa dada,
damu yake ikasonga mbele
kwa njia ya uchochoroni —
hapo sauti ilinipungua.
Baiskeli nilifundishwa na nani?
Trekta liliuzwa na nani ili nisome haya?

Nikaruka kurasa mbili.
Wengine, nikasema haraka, hawaoni fumbo lolote.
Viumbe wa kwanza baharini walimgusa aliye karibu;
kuchagua ndiko kulikozuka baadaye,
kuchagua ndiko kunakodaiwa maelezo.

Ithel alinisikiliza kama asikilizavyo utabiri wa hewa,
akijua atatoka mvuani vyovyote vile.
"Kwa hiyo mimi ni chenji
iliyobaki mama yako alipozaa?"
"Ni dhana tu, Mjomba."
"Trekta niliuza kwa sababu ulilia, Eluned.
Sikuona damu yangu ikisonga popote.
Niliona makamasi."
Akachovya mkate.
"Na wewe na kijana wako wa Bangor?
Sababu yenu imeshapatikana?"

Nilitazama daftari. Kurasa mia na ishirini,
na hakuna hata mstari mmoja uliouliza hilo.

Alhamisi ni siku ya Idwal.
Miaka thelathini na mmoja anabisha mara mbili
kwenye mlango ambao haufungwi,
na ndara zake zinalala karibu na jiko letu.
Ithel aliinuka kumvua koti.
Mchana alikuwa ameukaza mkanda wa yule dume
na hakunawa vizuri:
juu ya sufu ya kijivu, kati ya mabega,
vikabaki vidole vitano vyekundu.

Jumatatu dume atarudishwa mnadani.
Nimeandika namba ya sikio lake,
na mbele ya neno "sababu" nimeacha pengo.

Baba aliliona lile koti.
Alilitazama kwa muda wa kijiko kimoja cha supu,
kisha akanisogezea chumvi
ambayo sikuiomba.